Maradhi ya Ngozi ya Watoto na Usugu wa Dawa

Katika jumla ya maradhi yampatayo mtoto tangu anapoanza kutambaa hata anapoingia shule, hakuna yanayodharauliwa kama maradhi ya ngozi, kwa kuwa aghalabu hayamlazi kitandani wala hayamzuii kucheza, na mengine huondoka yenyewe kabla mama yake hajapata nauli ya kumfikisha zahanati. Walakini wingi wake ni wa kutisha. Mwaka 2015 watafiti walioongozwa na daktari Asha Bowen wa Australia walikusanya hesabu za nchi nyingi na kukadiria kuwa, kwa wakati wowote ule, watoto wapatao milioni 162 ulimwenguni wana impetigo, yaani vile vidonda vya juu juu vianzavyo kwa malengelenge madogo puani, kinywani au miguuni, vikapasuka, vikatoa maji, kisha vikafanya gamba la rangi ya asali. Hapo hayajahesabiwa majipu, wala vidonda vya upele vilivyoingia usaha, wala uvimbe wenye moto utambaao chini ya ngozi.

Watoto hao wanastahili kutibiwa, nao wamezaliwa katika zama ambazo dawa zilizowaponya wazazi wao zinazidi kushindwa. Kwa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022, vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Kwa sababu hiyo wengi wanapolizungumza jambo hili huuliza ni dawa ipi mpya itakayokuja kuziba pengo. Mimi naona swali hilo limeanzwa mwishoni. Nikizitazama habari za tiba hii tangu mwanzo wake, naona kuwa sehemu kubwa ya antibiotiki wanazopewa watoto kwa ajili ya ngozi hutolewa mahali pa kitu kingine kilichokosekana: maji ya kutosha, kipande cha sabuni, mkono wa tabibu aliyezoea kupasua jipu, dawa ya upele kwa nyumba nzima, au wasaa wa kumvua mtoto nguo na kumtazama vizuri, na maadamu tunaendelea kulipa upungufu huo kwa chupa za dawa, hata dawa mpya zikija zitaharibika kama zilivyoharibika za kwanza.

Vijidudu vinavyohusika hasa ni vya aina mbili. Kimoja ni stafilokoki, ambacho Alexander Ogston, daktari mpasuaji wa Aberdeen huko Uskoti, alikiona kwa darubini mwaka 1880 katika usaha wa majipu ya wagonjwa wake, kimejikusanya vichala vichala. Cha pili ni streptokoki ya kundi A, ijipangayo kwa minyororo, nayo ndiyo iletayo mara nyingi uvimbe utambaao. Katika vidonda vya impetigo viwili hivi hukaa pamoja bila ya kugombana. Tabia zao mbele ya dawa, hata hivyo, zimetofautiana kwa namna ya kustaajabisha, na ni vema msomaji azishike tofauti hizo kwa kuwa uamuzi mwingi wa tiba umejengwa juu yake. Streptokoki ya kundi A, baada ya miaka zaidi ya 80 ya kupigwa kwa penisilini kila pembe ya dunia, hata leo haijawa sugu kiasi cha kuifanya dawa hiyo ishindwe kumponya mgonjwa. Stafilokoki, kwa upande wake, ilianza kuihimili penisilini karibu tangu siku ilipoipata.

Alexander Fleming mwenyewe, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwezi wa Desemba 1945 aliwatahadharisha waliomsikiliza kuwa siku itafika ambapo mtu yeyote ataweza kuinunua dawa hiyo dukani, naye kwa kujipa kipimo kisichotosha atavizoesha vijidudu kuishi nayo. Haikuchukua muda. Katika Hospitali ya Hammersmith mjini London, daktari Mary Barber alipima stafilokoki za wagonjwa mwaka baada ya mwaka, akaona kuwa zilizokuwa sugu kwa penisilini mwaka 1946 zilikuwa asilimia 14, mwaka 1947 zikafika asilimia 38, na mwaka 1948 asilimia 59. Vijidudu hivyo vilikuwa vikitoa kimeng'enya kiikatacho penisilini kabla haijafanya kazi. Wanakemia wakatengeneza methisilini isiyokatika kwa kimeng'enya hicho, ikaanza kutumika karibu na mwaka 1960. Na mwaka 1961 Patricia Jevons, katika maabara ya Colindale hapo hapo London, akaripoti stafilokoki zilizokwisha kuihimili. Safari hii kijidudu hakikuikata dawa, bali kilibadili ile protini ambayo dawa huishika, mithili ya mwenye nyumba abadilishaye kufuli badala ya kumvizia mwizi. Na kwa kuwa kufuli ni moja, dawa zote za ukoo huo, kloksasilini na sefaleksini zikiwamo, zilifungiwa nje kwa mara moja.

Hapa niseme jambo moja la pembeni. Mwaka 2022 ilichapishwa habari ya utafiti uliofuata nasaba za aina mojawapo ya stafilokoki sugu kwa methisilini, ukakuta kuwa zilikuwako katika ngozi za kalunguyeye wa Ulaya tangu karne ya 19, zamani kabla mwanadamu hajatia penisilini katika chupa, kwa sababu kuvu aishiye juu ya ngozi ya mnyama huyo hutoa viuavijasumu vyake mwenyewe. Kwa hiyo usugu haukuzuliwa na binadamu. Tulichofanya sisi ni kuupa nafasi ya kuenea: kila tunapomnywesha mtoto antibiotiki asiyoihitaji, tunaua katika pua, ngozi na tumbo lake vijidudu vilivyo dhaifu na kuviachia uwanja vilivyo sugu, navyo hupita kwenda kwa ndugu yake kwa taulo moja na shuka moja.

Kwa muda mrefu stafilokoki hizo zilihesabiwa kuwa balaa ya wodi za hospitali. Dhana hiyo ilivunjika pale Marekani ilipotangaza, mwaka 1999, vifo vya watoto 4 wa majimbo ya Minnesota na North Dakota vilivyotokea baina ya 1997 na 1999. Walikuwa watoto wazima, wasiokuwa na historia ya karibuni ya kulazwa, walioambukizwa huko huko majumbani, na ambao dawa walizoanza kupewa zilikuwa ni za ule ukoo uliokwisha kufungiwa mlango. Baada ya hapo majipu ya watoto katika nchi hiyo yakawa ni kazi ya kila siku ya vyumba vya dharura. Balaa hiyo ilizaa elimu, kwani ililazimisha kuulizwa, kwa majaribio ya haki, ni nini hasa kinachomponya mwenye jipu.

Jibu la kwanza ni kisu. Jipu lililoiva, ambalo ukilibonyeza polepole wasikia maji yakicheza chini ya kidole, ni mfuko uliojifunga, na damu haipiti ndani yake. Dawa inywewayo, hata ikiwa ni kali namna gani, hufika ukutani mwa mfuko ikaishia hapo. Tabibu ajuaye kazi yake humpa mtoto dawa ya maumivu, hutia ganzi, hungoja ishike, hupasua kwa upana wa kutosha, huvunja vyumba vya ndani ili usaha wote utoke, huosha kwa maji safi yenye chumvi ya kipimo, kisha hufunika kwa shashi bila ya kushona. Huo ni ustadi wa kawaida, usiohitaji mashine, nao wapaswa kuwako katika kila zahanati. Huzuni ni kwamba mara nyingi haupo, au upo lakini hakuna ganzi, au foleni ni ndefu. Basi mtoto huandikiwa vidonge, jipu hupasuka lenyewe usiku, na sifa huenda kwa vidonge.

Je, baada ya kisu dawa yahitajika? Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 na daktari Robert Daum na wenzake wa Marekani liliwachukua wagonjwa 786 wenye jipu lisilozidi sentimita 5, 281 kati yao wakiwa watoto, wote wakapasuliwa, kisha wakapewa kwa siku 10 ama klindamisini, ama kotrimoksazoli, ile ambayo watu wetu huijua kwa jina la Septrin, ama vidonge visivyo na dawa. Waliopona walikuwa asilimia 83.1 kwa klindamisini, asilimia 81.7 kwa kotrimoksazoli, na asilimia 68.9 kwa wale waliopata vidonge vitupu. Wapo wanaozisoma hesabu hizo na kutoa hukumu kuwa kila jipu lifuatishiwe antibiotiki. Mimi nazisoma pande zote mbili: ni kweli dawa iliwasaidia wengine, na ni kweli vile vile kuwa karibu wagonjwa 7 katika kila 10 walipona kwa kupasuliwa tu, katika nchi ambayo stafilokoki sugu zilikuwa zimeenea, ilhali waliopewa klindamisini walipata madhara, hasa kuharisha, kupita wenziwao. Kwa hiyo mtoto mkubwa asiye na homa, mwenye jipu moja dogo lililotolewa usaha likanywea, aweza kuangaliwa tena baada ya siku 2 bila ya dawa. Lakini jipu kubwa, au mengi, au la usoni, au lililozungukwa na uvimbe wa moto, au la mtoto mchanga, lastahili kisu na dawa pamoja, na hapo hapana ubahili.

Impetigo ina shauri lake. Vidonda vikiwa vichache na mtoto ni mchangamfu, kuloweka magamba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka yalainike na kuyatoa kwa kitambaa safi ni nusu ya tiba, kwa kuwa vijidudu hukaa chini ya gamba. Marhamu za antibiotiki, yaani mupirosini na asidi ya fusidi, hufanya kazi nzuri, lakini kila zilipoachiwa zikapakwa ovyo usugu umezifuata. Ndiyo sababu taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ilipotoa shauri lake mwaka 2020, ilitanguliza krimu ya peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 1, dawa ya kusafishia isiyo antibiotiki, kwa mtoto mwenye vidonda vichache asiye mgonjwa wa mwili. Vikiwa vingi, Shirika la Afya Duniani katika kitabu chake cha antibiotiki cha mwaka 2022 lashauri kloksasilini au sefaleksini au amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti kwa siku 5. Siku 5, si wiki mbili. Ile imani ya kuwa kurefusha dozi ni kujilinda na usugu haina msingi katika maradhi haya, kwani kila siku ya ziada ni siku ya ziada ya kuwachagua vijidudu sugu.

Na lipo jaribio moja la Australia ambalo natamani kila mkufunzi wa vyuo vyetu vya uganga alisomeshe. Katika vijiji vya mbali vya Northern Territory, ambako watoto wa wenyeji wa asili huandamwa na impetigo mno, desturi ilikuwa ni kudunga sindano ya benzathini penisilini, iumayo kiasi cha mtoto kuwakimbia wauguzi siku nyingine. Bowen na wenzake waliwachukua watoto 508, wengine wakadungwa, wengine wakapewa kotrimoksazoli ya maji kwa siku 3 au 5. Mwaka 2014 matokeo yakatangazwa: kila upande watoto 85 katika 100 walipona, na madhara karibu yote yalikuwa ni maumivu ya sindano. Faida ya jaribio hilo si kusifu kotrimoksazoli, ambayo kwetu nayo ina usugu wake na haifai kwa mtoto mchanga. Faida ni mwenendo wenyewe, wa kuchukua dawa kongwe na rahisi, kuipima kwa uaminifu mbele ya watoto wa mahali pale, na kuridhika na kozi fupi.

Nafika sasa penye sehemu ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha mambo, nayo ni ile isiyohusu antibiotiki kabisa. Mtoto mwenye upele hujikuna usiku kucha, kucha zake huchana ngozi, na katika michubuko hiyo huingia streptokoki na stafilokoki. Tabibu akikitibu kidonda akauacha upele, baada ya wiki 3 mtoto hurejea na vidonda vingine, naye huandikiwa chupa nyingine. Nchini Fiji, baina ya mwaka 2012 na 2013, watafiti waliwapa dawa ya upele watu wote wa eneo moja la visiwa, wagonjwa na wazima, wazee kwa watoto, ivermektini kwa wanaoweza kuinywa na losheni ya permethrini kwa wadogo na wajawazito. Baada ya mwaka mmoja upele ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 32.1 hadi asilimia 1.9, na impetigo, ambayo hakuna aliyeigusa kwa dawa yake katika ugawaji ule, ilishuka kutoka asilimia 24.6 hadi asilimia 8. Theluthi mbili ya vidonda viliondoka bila ya tone la antibiotiki. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliutia upele katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa, jambo lililochelewa sana.

Kwetu sisi upele hutibiwa kwa aibu na kwa uchache. Mama hupewa chupa moja ya benzili benzoeti, akampaka mtoto anayejikuna mbele ya watu, akawaacha ndugu 4 walalao naye kitanda kimoja, na shuka na kanga zikabaki bila ya kufuliwa. Ni lazima wote wapakwe usiku mmoja, tangu shingoni hata nyayoni na baina ya vidole, warudie kwa muda watakaoelekezwa, na nguo za kulalia zifuliwe na kuanikwa juani. Katika shule za bweni na vyuo vya Kurani, ambako watoto hulala mkeka kwa mkeka, hakuna maana ya kumtibu mmoja mmoja. Ni chumba kizima au si kitu. Mwarobaini ambao bibi zetu waliuchemsha na kuwaogeshea wajukuu sitaki kuudharau, kwa maana angalau ulimlazimisha mtoto kuoga. Lakini usiachwe ukachukua mahali pa dawa ijulikanayo kuua mdudu wa upele.

Na usafi wenyewe una hesabu zake. Katika mitaa duni ya Karachi, Pakistani, baina ya Aprili 2002 na Aprili 2003, Stephen Luby na wenzake walizipa familia sabuni na kuzitembelea kila wiki kuzihimiza kunawa mikono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa impetigo ilipungua kwa asilimia 34 kuliko katika mitaa isiyopewa, na kuharisha kwa zaidi ya nusu. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawasawa na ile itangazwayo kuwa yaua vijidudu na kuuzwa kwa bei ya juu. Na huko Australia Magharibi, katika vijiji viwili vya jangwani vya wenyeji wa asili, yalijengwa mabwawa ya kuogelea yenye maji ya klorini mwaka 2000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kuwa watoto wenye vidonda vya usaha walishuka kutoka asilimia 62 hadi 18 katika kijiji kimoja, na kutoka asilimia 70 hadi 20 katika cha pili. Watoto walipewa mahali pa kuchezea, na ngozi zao zikapona. Sijui antibiotiki iwezayo kujisifia hesabu kama hizo kwa kijiji kizima.

Sasa tutazame kaunta ya duka la dawa, maana huko ndiko tiba nyingi za ngozi za Afrika Mashariki zinakofanyika, si hospitalini. Mzazi hufika na mtoto mgongoni au bila ya mtoto, akaeleza vidonda kwa maneno, akauliza bei, akanunua kiasi cha fedha aliyo nayo: vidonge 6 vya ampisilini na kloksasilini, au vile viitwavyo rangi mbili, ambavyo wengine huvipasua nyumbani na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda. Unga huo haupenyi kufikia panapotakiwa. Hukaa juu kwa kipimo kisichojulikana, ukavifunza vijidudu kile alichokitaja Fleming mwaka 1945. Wengine huuziwa krimu iliyochanganya antibiotiki, dawa ya fangasi na steroidi, kwa hoja ya kuwa yatibu kila kitu. Ubaya wake ni kuwa steroidi hutuliza wekundu na muwasho kwa siku chache, mzazi akafurahi, ilhali chini ya utulivu huo bakteria na fangasi hustawi, na ngozi ya mtoto hukonda.

Hata mwenye dozi kamili hupata taabu nyumbani. Chupa ya dawa ya maji huja ikiwa ni unga. Yapaswa kutiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka mstari ulioandikwa, itikiswe, na kila mara kabla ya kunywesha itikiswe tena, la sivyo mtoto hunywa maji matupu siku za kwanza na tope la dawa siku za mwisho. Kijiko cha jikoni si kipimo. Kloksasilini ni chungu, hutakiwa mara 4 kwa siku na tumbo likiwa tupu, na mtoto wa miaka 2 huitema. Mzazi huyo hakufanya uzembe, bali amekabidhiwa dawa ambayo hakuelezwa jinsi ya kuinywesha. Tena kipimo sahihi cha mtoto hutokana na uzito wake, na maduka mengi hayana mizani.

Silisemi hili kwa kuwalaumu wauzaji. Tanzania ilipoanzisha mwaka 2003, mkoani Ruvuma, utaratibu wa maduka ya dawa muhimu yenye wauzaji waliofunzwa na orodha ya dawa wanazoruhusiwa, ilikiri ukweli wa kuwa duka ndilo mlango wa kwanza wa mgonjwa wa kijijini. Na Kituo cha Mafunzo ya Ngozi cha Moshi, kilichoanza mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, kimewafunza maofisa wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika, ambao wangeweza kuwafundisha wauzaji hao kuutambua upele kwa kutazama baina ya vidole tu. Taksiri ipo hata juu. Katika hospitali kubwa mtoto mwenye uvimbe wa ngozi aghalabu huanzishiwa sindano ya seftriaksoni kwa mazoea, ingawa dawa hiyo kwa stafilokoki ya kawaida ni dhaifu kuliko kloksasilini ya bei nafuu, na Shirika la Afya Duniani, katika mgawanyo wake wa antibiotiki ulioanza mwaka 2017, limeitia katika kundi la zile za kutumiwa kwa hadhari. Kumpa mtoto dawa kubwa isiyomfaa zaidi ni hasara mara mbili.

Hayo yote yasimfanye mzazi yeyote akachelewa panapohitajika haraka. Mtoto mchanga mwenye vipele vya usaha na asiyenyonya vizuri. Mtoto wa umri wowote mwenye homa na uvimbe unaoenea saa kwa saa. Maumivu makali yapitayo kiasi cha kidonda kionekanacho. Uvimbe wa jicho. Kulegea. Watoto wenye dalili hizi waende hospitali usiku huo huo, na antibiotiki kwao ni uhai. Na baada ya vidonda kupona, kwa muda wa wiki chache, uso ukivimba asubuhi na mkojo ukawa rangi ya chai nzito, hiyo ni figo iliyodhurika kwa sababu ya streptokoki, naye apelekwe apimwe. Fauka ya hayo, wekundu ambao vitabu vya Ulaya huutaja kuwa ni dalili, katika ngozi nyeusi hauonekani kuwa mwekundu. Hugeuka kuwa weusi wa zambarau, au usionekane kabisa. Upungufu huo ndio uliomfanya Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari London, achapishe pamoja na walimu wake mwaka 2020 kitabu cha kuonyesha dalili za maradhi katika ngozi nyeusi. Kwetu, mgongo wa mkono uwekwe juu ya ngozi: mahali penye moto kuliko pembeni pake, pagumu, penye kuuma, ndipo penye maradhi; na mpaka wa uvimbe uchorwe kwa kalamu, ukivuka mstari dawa ibadilishwe.

Tanzania iliandika mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017, na nchi jirani zina mipango yao. Kwa maradhi haya ya watoto, hukumu yangu ni kuwa mipango hiyo itaendelea kupungukiwa maadamu bomba la shule, ganzi ya zahanati, dawa ya upele ya kaya nzima na mizani ya duka la dawa vinahesabiwa kuwa mambo ya wizara nyingine au bajeti nyingine. Nawaomba madiwani na waganga wakuu wa wilaya, watakapokaa kugawa fedha za mwaka ujao, waviandike vitu hivyo vinne katika ukurasa ule ule wa antibiotiki, na kuvilipia kwanza.